Mzee Ojwang' alijifunzia wapi lafudhi yake?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi wangu mtaani Jericho nikisubiri zamu. Kwenye televisheni iliyotundikwa ukutani walikuwa wameweka kipande cha zamani cha Vitimbi. Mzee Ojwang' akatokea na miwani yake mikubwa, akafungua mdomo, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza vijana watatu waliokaa kwenye benchi walikuwa wakicheka. Nami nikacheka. Kisha, kwa ile tabia yetu walimu ya kutoacha furaha ipite bila somo, nikawaambia kwamba mzee huyo hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu wa Nyeri, na jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau Karira.

"Zii, Prof, hapo umeteleza," kinyozi akasema. "Huyo ni Mjaluo wa damu. Weka mia."

"Naweka mia mbili."

Kijana mmoja akatoa simu, akatafuta, akasoma kimya kimya, kisha akainua macho. "Wah! Ni ukweli."

Kinyozi akazima mashine yake. "Sasa kama ni Mkikuyu, hiyo Ujaluo alisomea wapi?"

Kwenye kiti cha pembeni alikuwa ameketi mzee mmoja, mstaafu wa reli, mwenyeji wa Siaya aliyeishi Eastlands tangu ujana wake. Alikuwa na gazeti lake na hakuwa amesema neno tangu niingie. "Sisi tulijua kitambo," akasema bila kuliweka gazeti chini. "Lakini huyo alikuwa wetu."

Zamu yangu ilifika na mjadala ukaishia hapo. Hata hivyo, swali la kinyozi ni swali halisi la isimujamii, na jibu la yule mzee ni fumbo linalostahili kufumbuliwa. Mtu anawezaje kuiga matamshi ya watu wengine, akayafanya kichekesho mbele ya taifa zima kwa miongo kadhaa, na watu hao hao wakamwita wao?

Tuanze na mambo ya hakika. Vitimbi kilianza kuonyeshwa katikati ya miaka ya 1980, wakati shirika la utangazaji la taifa likiitwa Sauti ya Kenya, yaani VoK, kabla ya kuitwa KBC mwaka wa 1989. Karira alimwigiza Mzee Ojwang' Hatari hadi jina la kuigiza likalimeza lile la kitambulisho. Alipofariki Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Wakenya wengi walimlilia Ojwang', na wengine ndipo walipolisikia jina Wanjau kwa mara ya kwanza. Mkewe kwenye mchezo, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere, na jina Khavere linatoka kwa Waluhya. Kwa hivyo nyumba ile ya Mzee Ojwang' tuliyoitembelea kila wiki kupitia kioo ilikuwa na baba Mkikuyu na mama Mluhya.

Mtindo huo haukuisha na kizazi cha Vitimbi. Katika Papa Shirandula, kipindi kilichovuma kwenye runinga ya Citizen, alikuwepo Otoyo, jamaa ambaye Kiswahili chake kilinukia ziwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwigizaji wake ni Kazungu Matano, mtu wa pwani, Mmijikenda. Yaani kijana aliyekulia penye Kiswahili cha mwambao alilazimika kukivuruga Kiswahili chake ili apate kazi! Katika kipindi hicho hicho, Papa mwenyewe aliigizwa na marehemu Charles Bukeko wa Busia, Mluhya aliyeigiza Mluhya. Hata hivyo, lafudhi aliyoitumia kazini ilikuwa imetiwa chumvi kuliko ile ambayo mtu hutumia akiagiza chai.

Kwa nini lafudhi ilipewa kazi kubwa hivyo? Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Hadi KTN ilipoanza mwaka wa 1990, televisheni nchini ilikuwa moja, nayo ilisema Kiswahili na Kiingereza. Mhusika kutoka Nyanza hangeweza kuzungumza Dholuo dakika nzima, kwa kuwa mtazamaji wa Garissa au Voi angeachwa njiani. Alilazimika kusema Kiswahili. Basi asili yake, malezi yake na hata umri wake vingeelezwa kwa njia gani? Kwa matamshi. Neno moja, "silingi", lilifanya kazi ambayo mwandishi wa riwaya angeifanya kwa ukurasa mzima. Hadhira nayo ilikuwa imefunzwa na maisha kuisoma ishara hiyo papo hapo. Huo ndio mzaha wa ndani: unachekesha kwa sababu mchekeshaji na mchekaji wanajua jambo moja ambalo hakuna aliyelitamka.

Sababu ya pili ni ya kiisimu. Watu wengi hudhani lafudhi ni makosa ya ovyo, kwamba mtu anapotoa "s" badala ya "sh" amezembea. Sivyo. Kila lugha ina orodha yake ya sauti, na mtoto akishaizoea, sikio lake huwa kama chekeche. Sauti ngeni ikija hupitishwa kwenye chekeche hilo na kutoka ikiwa imefanana na sauti jirani iliyomo kwenye orodha. Dholuo haina "sh", haina "z", haina "v". Kwa hivyo shida huwa "sida", mzee huwa "msee", na Vitimbi chenyewe huwa "Fitimbi". Gikuyu nayo haina "l", na vipasuo "d" na "g" haviji bila nazali mbele yake. Herufi "c" ya Gikuyu hutamkwa karibu na "sh" yetu. Ndiyo maana chai ikawa "shai", lala ikawa "rara", na duka likaingia katika Gikuyu kama nduka.

Chukua neno moja tu, dirisha. Mkikuyu alilichukua akaliita ndirica. Mjaluo alilichukua akaliita dirisa. Kila mmoja amefuata kanuni za nyumbani kwake bila kupotoka hata hatua moja. Lakini kabla hatujawacheka, tukumbuke kwamba dirisha lenyewe si mzaliwa wa mwambao. Lilitoka katika Kiajemi, ambako hutamkwa karibu na "daricha", na Waswahili walipolipokea waliligeuza "ch" kuwa "sh" na kulifinyanga hadi likawakaa mdomoni. Kwa hivyo matamshi tunayoyaita sanifu nayo yalianza kama lafudhi ya mtu fulani. Tofauti ni kwamba lafudhi hiyo ilipata kamusi.

Sasa tunaweza kuipima kazi ya Karira. Mtu aliyelelewa katika Gikuyu ana mtego wake: "ch" humponyoka ikawa "sh". Mtu aliyelelewa katika Dholuo ana mtego ulio kinyume: "sh" humponyoka ikawa "s". Ili awe Ojwang', Karira alipaswa kwanza kuifunga milango ya nyumbani kwake, asiseme "shai", asiseme "rara", asiipachike "n" mbele ya dawa. Kisha alipaswa kuifungua milango ya jirani, na yote hayo akiwa anakimbizana na mistari ya mchezo, mkono kiunoni, macho yakizunguka. Mimi ni Mkamba, lugha yangu ya kwanza haina "r", na baada ya miaka zaidi ya 30 ya kufundisha fonolojia, "r" bado hunisaliti nikighadhabika. Sithubutu kudai kwamba ningeweza kuvaa matamshi ya watu wengine kwa dakika tano.

Ni kweli pia kwamba lafudhi ya jukwaani si nakala kamili ya lafudhi ya mtaani. Mjaluo halisi aliyeishi Makongeni miaka 20 hasemi "silingi" kila mara. Akiwa mbele ya chifu hujichunga na "sh" hutoka barabara. Akiwa na mkewe hujiachia. Akikasirika hurudi kijijini kabisa. Mara nyingine hujichunga kupita kiasi, akaiweka "sh" hata mahali isipostahili, na sasa ikawa "shasa". Mwigizaji hana nafasi ya kubadilika hivyo. Huchagua alama chache zinazosikika kwa haraka, akazirudia bila kukosa. Kwa hivyo aliyeijua vyema lafudhi ya Waluo angeweza kugundua kwamba Ojwang' alikuwa mwigo: alikuwa Mjaluo kuliko Wajaluo.

Hata majina yalibeba mzaha. Katika michezo hiyo ya VoK na KBC tulikuwa na Ojwang' Hatari, na tulikuwa na Othorong'ong'o Danger, hatari ile ile kwa Kiingereza. Katika Vioja Mahakamani kulikuwa na Tamaa bin Tamaa, na ulimwengu huo huo wa vichekesho ukatupa Masanduku arap Simiti. Angalia jinsi majina haya mawili yalivyojengwa. "Bin" ya mwambao na "arap" ya Wakalenjin hufanya kazi moja, kumtaja mwana wa fulani. Mtungaji amelishika umbo la jina la heshima la jamii, akalijaza nomino za dukani: masanduku na simiti. Mtazamaji asiyejua maana ya "arap" atacheka kidogo kwa sababu ya simiti. Anayeijua atacheka mara mbili. (Na mhariri aniruhusu niseme: Ojwang' ina kibainishi mwishoni. Bila hicho kibainishi, tunamwita mtu mwingine, kama vile ng'oa na ngoa zisivyo neno moja.)

Turudi kwa swali la kinyozi. Alisomea wapi? Lafudhi haina darasa. Hujifunzwa kwa kukaa na watu: kuwasikia wakikopa, wakigombana, wakiombeleza. Nami nadhani ndiyo maana sanaa hii ilishika mizizi Nairobi, na ndiyo maana Eastlands iliielewa upesi. Nililelewa Makongeni, katika nyumba za reli. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa Waluhya, wa kulia wa Wajaluo, na maji tuliyachota bomba moja. Kufikia umri wa miaka kumi, kila mtoto wa ploti yetu aliweza kuwaiga wazazi wa wenzake, na aliyemwiga baba yake mwenyewe ndiye aliyepigiwa makofi zaidi. Wataalamu Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya mwaka wa 1997, waliihusisha Sheng na mitaa hii hii ya Eastlands ya miaka ya 1970. Sikushangaa. Mahali ambapo watoto wanacheza na matamshi ya kila nyumba, lugha mpya haiko mbali. Neno "msee", ambalo vijana wa leo hulitumia kwa maana ya jamaa yeyote, ni mzee yule yule aliyepoteza "z" yake njiani, na hakuna anayelicheka tena.

Hapa ndipo ninapopaswa kusema jambo lililo gumu zaidi. Katika Biblia, kitabu cha Waamuzi sura ya 12, watu wa Gileadi waliviteka vivuko vya Yordani baada ya vita. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno "Shibolethi". Waefraimu hawakuwa na "sh" katika matamshi yao, wakasema "Sibolethi", na waliosema hivyo waliuawa. Kitabu kinataja watu 42,000. Msomaji ameshaona: sauti iliyowaua watu kwenye vivuko vya Yordani ni sauti ile ile iliyotuchekesha katika Vitimbi. Sh na s.

Nasi tulifika kwenye kivuko hicho. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Wakati huo nilikuwa nikiishi Buruburu. Jirani yangu mmoja, sitasema wa kabila gani, mtu mcheshi ambaye tulizoea kumsikia ngazini kabla hatujamwona, alinyamaza wiki kadhaa. Alisalimia kwa mkono. Dukani alionyesha kwa kidole alichotaka, akalipa, akaondoka. Nilidhani ni huzuni. Baadaye aliniambia kwamba aliogopa kufungua mdomo, maana hakujua ni nani aliye nyuma yake kwenye foleni. Mtu huyo alikuwa amecheka pamoja nasi mbele ya televisheni kwa miaka mingi, na sasa kile tulichokicheka kilikuwa kimegeuka kitambulisho asichoweza kukiacha nyumbani.

Je, tuseme basi kwamba vichekesho vya lafudhi ndivyo vilivyotufikisha huko? Wako wanaosema hivyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mimi nina sababu ya kuisikiliza. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya upili, miaka hiyo Vitimbi kilipokuwa kipya, nilimsimamisha mwanafunzi mmoja asome kwa sauti. Alikuwa ametoka kandokando ya ziwa muhula huo. Alifika kwenye neno viatu, akasema "fiatu". Darasa likacheka. Nami, badala ya kulinyamazisha, nikasema, "Mzee Ojwang' amefika." Darasa likavunjika mbavu. Kijana yule hakuinua mkono tena katika somo langu hadi alipomaliza shule. Alipasi masomo mengine yote vizuri. Kiswahili alikiacha.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko makala zangu zote za kitaaluma. Maneno yalikuwa yale yale ya kwenye kioo, kicheko kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana ni nini? Karira aliichagua lafudhi yake na aliweza kuivua jioni. Kijana yule hakuichagua na hakuwa na pa kuivulia. Ojwang' aliandikiwa jibu: mtu akimkejeli, mstari uliofuata ulikuwa wake, na mara nyingi aliyejifanya mjuzi wa Kiswahili ndiye aliyeaibika. Kijana yule hakuwa na mstari unaofuata. Zaidi ya hayo, kwenye mchezo kila mtu alikuwa na zamu ya kuchekwa, Mkamba, Mkikuyu, Mluhya, Mkalenjin. Katika darasa langu aliyechekwa alikuwa mmoja, na aliyeongoza kicheko alikuwa ndiye mwenye chaki.

Mababu walikuwa na taasisi iliyoelewa jambo hili. Utani, kama unavyojulikana mwambao na zaidi katika nchi jirani ya Tanzania, humruhusu mtani akukejeli hata matangani, mbele ya maiti wako. Lakini ruhusa hiyo ina masharti. Mtani wako ni yule anayekuja kwako. Anakujua, anakula kwako, anabeba mizigo ya msiba wako, na kesho wewe utamkejeli yeye. Asiye mtani akisema maneno hayo hayo ni matusi. Nadhani hilo ndilo jibu la yule mzee wa Siaya. Alijua kwamba Ojwang' hakuwa Mjaluo wa kuzaliwa. Alijua pia kwamba hakuna anayeweza kuisema lafudhi ya watu kwa usahihi ule bila kuwasikiliza kwa miaka mingi, na kwamba mtu hawasikilizi kwa miaka mingi watu anaowadharau. Kwa kigezo hicho alikuwa wao.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja dogo. Mwanafunzi akisema "silingi", usimcheke na usimkate alama kana kwamba ametukana. Mwonyeshe kwamba lugha yake ya kwanza haina sauti hiyo, kisha umfundishe mahali pa kuuweka ulimi: kwa "s" ncha huwa karibu na ufizi, kwa "sh" ulimi hurudi nyuma kidogo na midomo huchomoza. Ni kazi ya dakika tano, kisha mazoezi. Halafu mwombe naye alifundishe darasa kutamka "th" na "dh" za Dholuo katika maneno ya kwao, mkaone ni nani atakayechekwa.

Kuhusu ile mia mbili, kinyozi alikataa kunilipa. Alisema dau halihesabiki kwa sababu mzee wa gazeti alikuwa upande wa pande zote mbili. Nilimlipa pesa zake za kunyoa, nikaenda zangu.